Ndani kwanza: kutibu kutu na kupaka rangi upya chasisi ya Land Rover 110

Siku niliyouziwa Land Rover 110 yangu, chasisi ilikuwa nyeusi tii, inang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Nililala chini na tochi, nikaridhika, nikalipa. Ikapita masika moja tu. Siku moja nafunga bolti ya ndoano ya kuvutia, spana ikateleza ikagonga boriti ya nyuma, na badala ya mlio wa chuma nikasikia kama nimegonga boksi la viatu. Nikachukua bisibisi nikasukuma kidogo. Ikazama mpaka mpini. Chini ya ile rangi nzuri kulikuwa na lami, chini ya lami puti, na chini ya puti kipande cha gunia kilichoshindiliwa kuziba tundu ambalo ngumi ingepita.

Tangu hapo nimeifanya kazi hii mara mbili kwenye gari langu na mara moja kwenye gari la shemeji, zote hapa Tanga, ambako upepo wa bahari hausamehi bati wala msumari. Ninayoeleza ni kwa ajili ya 110 za zamani, zile zilizoanza kutoka mwaka 1983 na kupewa jina la Defender mwaka 1990. Mwenye Land Cruiser, Hilux au Patrol anaweza kufuata hatua hizihizi. Kitakachobadilika ni mahali matope yanapojificha.

Kutu inaanzia wapi

Bodi ya 110 sehemu kubwa ni alumini. Ndiyo maana utaona Land Rover ya miaka 35 ina ubavu mzuri tu huku imekalia chasisi iliyokwisha. Chasisi yenyewe ni ya chuma: mihimili miwili mirefu iliyoundwa kama boksi, tupu ndani, kuta zake kama milimita 2 hivi, imeungwa na boriti za kukatiza, na ubavuni imetoa mikono ya kubebea bodi. Chini ya mihimili kuna matundu ya kutolea maji. Matundu hayohayo ndiyo milango ya matope. Gari likipita dimbwini au likishuka ufukweni maji kupwa, mchanga na tope vinaingia, vinatulia chini ya boksi, vinaziba tundu, na kuanzia hapo chasisi inalala na sponji lililolowa mwaka mzima.

Chumvi peke yake hailambi chuma. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni umeme mdogomdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Halafu chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki sawasawa hata jua likiwaka. Alumini nayo ikigusana na chuma kwenye maji hayo ya chumvi, inayoliwa kwanza ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kwenye bolti za mikono ya bodi ndio huo.

Matokeo yake ni kwamba kutu nyingi ya chasisi inakula kutoka ndani kuja nje. Kibonge cha kutu unachokiona juu ya rangi mara nyingi ni pumzi ya mwisho ya ukuta ambao umeshaliwa upande wa pili. Mtu anayesugua nje, akapaka nyeusi, akaondoka, ameosha uso akaacha kidonda. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina mpangilio mmoja: ndani kuoshwa kwanza, na ndani kufungwa mwisho.

Wakati na vifaa

Kwa sisi wa pwani, wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimepungua na joto limeshuka. Januari na Februari nako kunafaa, ila jua linakausha rangi haraka mno. Masika na vuli usijaribu. Ukifanya mwenyewe na msaidizi mmoja, tenga wiki mbili bila gari, na usimwahidi mtu safari ya wiki ya tatu.

Vifaa si vya ajabu: jeki mbili, stendi nne za chuma zinazobeba uzito wa gari, grinda ndogo ya inchi nne na nusu, diski za msasa namba 60 na 80, brashi ya waya ya mkono na ya kufunga kwenye grinda, nyundo ndogo, tindo butu, chaki, mpira wa maji, kompresa ya kukodi, brashi za rangi za inchi moja na inchi mbili, na matambara meupe mengi. Ongeza ile kamera ndogo yenye waya mrefu inayochomekwa kwenye simu. Ni rahisi kuliko kopo moja la rangi nzuri na imeniokolea chuma kingi. Kwa mwili wako: miwani iliyofunga pembeni, glavu, kinyago chenye chujio la vumbi wakati wa kusugua na chenye chujio la mvuke wakati wa kupaka. Kitambaa kilichofungwa puani si kinyago.

Kuhusu wingi wa rangi, piga hesabu mwenyewe. Mhimili mmoja una urefu wa kama mita 4 na nusu, na ukiuzungushia futi ya kushonea utapata kama nusu mita. Miwili inakuwa mita za mraba 4 na nusu. Ukiongeza boriti, mikono na ekseli, unafika 8 au 9. Lita moja ya rangi nzito hufunika kama mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, pungufu kidogo ukitumia brashi. Mikono miwili ya praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, na miwili ya rangi ya juu: lita 4 za kila moja zinatosha, na ya kurekebishia mwakani itabaki.

Kuinua gari

Hapa nasimama kidogo kwa sababu watu wanaumia. Breki ya mkono ya 110 haikamati magurudumu. Inakamata shafti ya propela, pale nyuma ya gia ndogo. Ukiinua gurudumu moja tu, difu (gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu) zinaruhusu gari litembee hata kama breki ya mkono umeivuta mpaka mwisho. Kwa hiyo weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, funga difu ya kati, kisha ndipo upige jeki. Gari likishapanda, likae juu ya stendi, mahali pa saruji. Tofali la saruji linapasuka bila kuaga. Kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Likicheza, shusha upange upya.

Kupima kwa nyundo

Usioshe bado. Zunguka chasisi yote ukigonga polepole kwa nyundo ndogo, kila baada ya upana wa vidole vinne. Chuma kizima kinalia "ting" na nyundo inaruka. Chuma kilichokwisha kinajibu "bup", na nyundo inakaa palepale. Chora kwa chaki kila penye "bup", kisha jaribu kwa bisibisi. Usiionee huruma. Tundu utakalolitoboa leo gerejini ni bora kuliko lile litakalojitoboa lenyewe ukiwa na watu ndani.

Kwenye 110 kuna mahali pa kuanzia. Boriti ya nyuma ni ya kwanza, hasa pembe zake na upande wa ndani usioonekana. Kisha mgongo wa mihimili juu ya ekseli ya nyuma na kandokando ya tangi la nyuma, maana juu ya tangi matope yanakaa miaka bila mtu kuyaona. Kisha mikono ya bodi nyuma ya magurudumu ya mbele, sehemu zinapofungwa fimbo za ekseli, vikalio vya springi, na ncha za mbele zinazobeba bampa. Kwenye Land Cruiser za zamani elekeza nyundo zaidi kwenye mabano ya springi za majani.

Ukimaliza ingiza kamera kwenye matundu, uone ndani. Kutu ya unga, ya rangi ya kahawia, si tatizo. Ukiona magamba kama maganda ya mkate, ujue ukuta umepungua.

Sasa amua kwa ukweli. Matundu kwenye boriti ya nyuma na mikono yanatengenezeka. Boriti nzima ya nyuma inauzwa mpya, ikiwa na vipande virefu vya kuchomekwa kwenye mihimili. Lakini ukuta ukiwa umeisha penye springi, penye boksi la usukani, au pande zote mbili za mhimili mahali pamoja, hapo rangi haikuhusu tena. Tafuta chasisi nyingine. Mchomeleaji niliyempelekea gari la shemeji aligonga mara tatu, akainuka, akajipangusa mikono. "Bosi," akasema, "hapa hakuna chuma. Hapa kuna kumbukumbu." Shemeji alikasirika wiki nzima. Baadaye alinunua chasisi.

Kuvua na kuosha

Toa betri. Toa tangi la mafuta la nyuma, kinga za matope, na magurudumu yote manne. Paipu za breki zichomoe kwenye vibanio vyake uzisogeze bila kuzikunja. Zikiwa na kutu, huu ndio wakati wa kuweka mpya, usirudishe paipu mbovu kwenye chasisi nzuri. Kumbuka pia kwamba waya za taa za nyuma zinapita ndani ya mhimili. Zitafute sasa, uzivute au uzisogeze kabla mchomeleaji hajaja.

Kisha maji. Ingiza mpira kwenye kila tundu, kuanzia mbele kwenda nyuma, gari likiwa limeinuliwa pua kidogo ili maji yateremke. Matundu yaliyoziba yafungue kwa waya mnene au bisibisi. Mara ya kwanza mhimili wangu wa kushoto ulitapika tope jeusi, kisha mchanga, kisha vipande vya kutu kama vijalizo vya kachori vilivyoungua, kisha konokono mmoja mkavu. Nilijaza ndoo moja na nusu kutoka upande huo peke yake. Endelea mpaka maji yatoke yakiwa meupe kama yalivyoingia, halafu ongeza nusu saa. Huo muda wa ziada ni kwa ajili ya chumvi, ambayo huioni. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta maji kupitia rangi yenyewe, na miezi michache baadaye unapata malengelenge.

Nje tumia mashine ya presha, na penye grisi tumia sabuni ya kuondolea mafuta na brashi ngumu. Difu na injini zifunike na mifuko.

Kisha acha likauke. Siku tatu za jua, na kila asubuhi pulizia hewa ya kompresa ndani ya mihimili. Kamera itakwambia kama kuna dimbwi limebaki. Usiharakishe siku hizi tatu. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa itatokea juu ya chuma ulichokiosha. Isikutishe, itaondoka kwenye hatua inayofuata.

Kuondoa kutu

Anza na nyundo na tindo butu: bandua magamba na ile lami yote ya zamani. Lami ngumu inabanduka vizuri asubuhi kukiwa na baridi. Ikikataa, ipashe moto kidogo kwa hita ya kukaushia rangi na uikwangue, usiichome kwa gesi karibu na paipu wala mpira wowote.

Kisha grinda. Kuna kosa ambalo karibu kila kijana wa gereji analifanya: anafunga brashi ya waya, anasugua mpaka kutu inang'aa kama shaba nyeusi, anasema imetoka. Haijatoka. Ameing'arisha. Brashi ya waya ni nzuri kwa kutu iliyolegea na kwenye kona, lakini chuma kitakachoshika rangi kinataka mikwaruzo, na mikwaruzo inatoka kwa diski ya msasa. Tumia namba 60, malizia na 80, ukiilaza diski kwa pembe ndogo na kuisogeza muda wote. Lile jiwe gumu la kukatia au kusagia usilitumie kwenye mihimili. Ukuta ni milimita 2, na jiwe linakula milimita hiyo ya pili wakati unazungumza na simu.

Kabla diski haijagusa upande wa kulia mbele, tafuta namba ya chasisi. Kwenye hizi 110 imegongwa kwenye mhimili wa kulia, mbele ya mnara wa springi. Isafishe kwa brashi ya mkono na mafuta ya taa, ipige picha, ifunike kwa tepu. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiisaga, utaeleza maisha yako yote.

Kama kuna mtu mwenye mashine ya kupuliza mchanga, mpe, hasa kama bodi imeshushwa. Chuma kinatoka cha kijivu, chenye vinyweleo ambavyo praima inavipenda. Ila hakikisha hatumii mchanga wa ufukweni: una chumvi, na vumbi la mchanga wa kawaida lina silika inayoharibu mapafu moja kwa moja.

Kuchomelea

Kazi hii mpe anayeijua, lakini simama naye. Betri iwe imetoka, tangi liwe mbali, mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya maji viwe karibu. Kwenye 110 zenye injini ya Td5 na za baadaye chomoa na kompyuta ya injini. Kibano cha ethi, waya wa kurudishia umeme, kishike karibu kabisa na panapochomelewa, ili umeme usitafute njia kupitia beringi.

Mwambie akate mpaka afike kwenye chuma kinacholia "ting". Kiraka kiwe bamba la milimita 2 au 3, pembe zake zikatwe mviringo, kichomelewe mzunguko mzima, vipande vifupivifupi ili joto lisipinde mhimili. Kiraka juu ya kiraka ukatae. Kiraka juu ya kutu ukatae pia, hata akikwambia wote wanafanya hivyo. Bamba la bati lililochovywa zinki lisuguliwe zinki yake kwanza, maana moshi wake unamlaza mtu na homa usiku huohuo. Wakati huo sema naye atoboe upya tundu la maji lolote ambalo kiraka kimelifunika. Mafundi wengi wanalisahau, na mwaka unaofuata unarudi palepale.

Dawa ya kutu, na mwisho wa ahadi zake

Ile dawa ya majimaji inayogeuza kutu kuwa nyeusi ina asidi ya fosforasi au tanini. Inafanya kazi, lakini kwa kutu nyembamba tu. Juu ya gamba nene inageuza ngozi ya juu na kuacha uozo chini. Mimi naitumia penye vishimo ambavyo diski haifiki, na kwenye kona za mabano. Ipake nyembamba, iache saa zilizoandikwa kwenye chupa. Ile yenye fosforasi ifute mabaki kwa maji safi na tambara, ukaushe. Asidi iliyobaki inachimba rangi kutoka chini.

Na kama umenunua praima ya zinki, usipake dawa hii chini yake. Zinki inakinga chuma kwa kugusana nacho uso kwa uso. Ukiweka kitu katikati umelipia zinki bure.

Praima

Siku ya praima ndiyo siku nzito. Panga sehemu unayoweza kuisugua na kuipaka siku hiyohiyo. Kwa hewa ya Tanga, chuma cheupe ulichokiacha wazi usiku kinaamka na rangi ya chungwa. Mimi nagawa chasisi robo nne.

Saa 3 asubuhi pitisha msasa wa mwisho, puliza vumbi, kisha futa kwa tina ukitumia matambara mawili: moja limelowa, jingine kavu linalofuata nyuma kabla tina haijakauka yenyewe. Badilisha tambara mpaka jeupe litoke jeupe. Usishike tena kwa mkono mtupu.

Paka kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kabla ya hapo umande haujaisha kwenye chuma; baada ya hapo unarudi kabla rangi haijashika. Kanuni ya wapaka rangi wa vyuma ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutanda. Bila kipimo, bandika kiganja chenye glavu nyembamba: kikiwa baridi kuliko hewa, subiri. Niliwahi kupaka jioni kwa sababu msaidizi wangu alikuwa na harusi kesho yake. Robo ile ya chasisi ilifanya ukungu mweupe usiku, na masika iliyofuata ilikuwa ya kwanza kuvimba. Harusi ilikuwa nzuri.

Praima ninayoiamini ni epoksi ya makopo mawili. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kikombe chenye alama, si kwa jicho; hadna (kopo la pili, la kukazia rangi) ikipungua haiwi laini zaidi, inabaki nata milele. Koroga, iache dakika ilizoandikiwa, na uchanganye kidogokidogo kwa kuwa joto letu linafupisha muda wake. Anza na brashi ya inchi moja: kingo zote, mishono yote ya kuchomelea, vichwa vya bolti, midomo ya matundu. Rangi ikiwa mbichi inakimbia kingo, inakonda palepale kutu inapopapenda. Kisha paka eneo zima, ukisukuma rangi ndani ya vishimo. Mkono wa pili ufuate ndani ya muda ulioandikwa. Ukichelewa, kwaruza kwanza kwa msasa namba 180.

Je, ile praima nyekundu ya madukani, ya kupakia mageti? Kama mfuko umekauka, ni heri kuliko chuma kitupu, na utairudia kila baada ya mwaka au miwili. Lakini usipake epoksi juu yake. Tina ya epoksi inaikunja kama ngozi ya maziwa.

Rangi ya juu

Hapa ndipo watu wanapoanzia, na hapa mimi napita haraka. Paka mikono miwili ya rangi ya enameli ya vyuma, kwa brashi na rola ndogo, ukisubiri siku nzima katikati. Zile rangi ngumu za kupuliza zenye hadna yake zinakaa vizuri zaidi, ila mvuke wake una isosianati, sumu ya mapafu ambayo kinyago cha kawaida hakiizuii. Waachie wenye chumba cha kupulizia na kofia ya hewa.

Ushauri mmoja wa rangi: kijivu nyepesi. Najua, kila mtu anataka nyeusi. Nyeusi inaficha kutu, inaficha ufa, inaficha oili inapovujia, na Land Rover ni gari ambalo lazima ujue leo limevuja wapi.

Visivyopakwa rangi: bushi za mpira, diski na paipu za mpira za breki, chuchu za grisi, mabomba ya pumzi ya difu, nyuzi za bolti, na sehemu waya wa ethi unapoungana na chasisi. Hiyo ya mwisho isafishe mpaka chuma cheupe, funga waya, kisha pakaa grisi juu. Gari lisilowaka baada ya kupakwa rangi, mara nyingi ni ethi imekaa juu ya rangi. Penye alumini kukutana na chuma, weka kipande chembamba cha mpira katikati na uchovye bolti kwenye nta kabla ya kufunga.

Kurudi ndani

Subiri rangi ikauke kama wiki moja. Sasa unafunga ulikoanzia.

Ndani ya mihimili panatakiwa nta ya kupulizia kwenye mashimo, ile inayobaki laini na kutambaa kwenye mishono. Ikae juani asubuhi nzima ndani ya kopo lake ili iwe nyepesi. Utahitaji bunduki yake yenye mpira mrefu wa mita moja au zaidi, na ncha inayotawanya pande zote. Sukuma mpira mpaka mwisho wa boksi, fungua, vuta polepole, kama hatua moja kwa sekunde mbili. Rudia kutoka tundu la upande wa pili. Ukiona nta inatoka kwenye mishono na kudondoka kwenye matundu ya chini, umefika. Kwangu lita 5 zilitosha mihimili, boriti ya nyuma na mikono yote. Kesho yake pitisha waya kwenye kila tundu la maji ulizibue tena.

Watakwambia tumia oili chafu, ni ya bure. Oili chafu ina asidi na vumbi la chuma vilivyotoka kwenye injini, inavimbisha bushi za mpira, inadondoka ardhini miezi mitatu, na kwenye ngozi si kitu cha kuchezea. Na siku ya kwanza ya vumbi la barabarani inageuka ugali mweusi. Ile lami ya kupuliza nayo, juu ya epoksi nzima, penye mawe kama ndani ya kinga za matope, ina kazi yake. Juu ya kutu ni pazia. Ikikauka inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, na wewe unaendelea kuona nyeusi nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kitu kimoja cha kuandika kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti: NTA NDANI YA CHASISI. Nta inawaka. Mchomeleaji wa miaka ijayo atakushukuru.

Baada ya hapo

Gari likigusa maji ya bahari, lioshwe siku hiyohiyo kwa maji baridi, chini kabla ya juu, na mpira uingie kwenye matundu dakika tano kila upande. Nta itabaki, haitolewi na maji matupu.

Kila Februari, kabla ya masika, nalala chini na nyundo, chaki na lile kopo la rangi iliyobaki. Penye jiwe limechubua nasugua, napaka epoksi kidogo, na rangi juu. Nta ya ndani naiongeza kila mwaka wa pili. Nikikuta mstari wa kahawia unateremka kutoka tundu la maji wakati rangi ya pembeni bado ni nzima, sigusi brashi. Natafuta kamera, naingiza waya wake tunduni.